Mahudhurio ya Msibani

Haika mwanangu,

Umepanda kwa bibi yako kumuaga, na ninavyomjua mama mkwe wangu hatakuachia mpaka umalize kiburu chote kilichomo sufuriani. Kwa hiyo nimepata nafasi. Baba yako nimemtuma majani ya ng'ombe, nimefuta meza, nimekaa. Barua hii nitaiweka ndani ya ile bahasha ya kaki yenye barua yako ya ajira, maana ile najua utaifungua njiani mara kumi kabla hujafika Rukwa.

Mambo ya kula, kufua na kulala mapema sikuandikii. Umekaa kwa shangazi yako Rau miaka sita, ukaenda chuo, na kama mpaka leo hujui kujipikia basi nimeshindwa, tuyaache. Habari za wanaume nazo sikuandikii, utanicheka. Nakuandikia kwa sababu ya Mama Anaeli.

Leo mchana alipokuja na mkungu wake wa ndizi kukuaga, mlidhani niko bandani kwa ndama. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nimeshika ndoo. Nilimsikia akikwambia, "Mjukuu wangu, sasa wewe ni mtendaji wa kijiji, unajua zile karatasi zinakaa wapi. Shamba sitaki tena. Zahanati imeshajengwa, nani atabomoa zahanati? Nataka kujua tu kama nilikubali. Mwezi ule wa msiba kichwa changu hakikuwa changu."

Nawe ukamjibu vizuri, kwa adabu, mpaka nikaona fahari na hofu kwa pamoja. Ulimwambia, "Bibi, muhtasari wa mkutano lazima uko halmashauri. Nitamwandikia mkurugenzi kwa jina lako tuombe nakala. Nikifika tu, nitaandika."

Nakala hiyo ikija, mwanangu, utaujua mwandiko kabla hujasoma neno. Ni mwandiko uliokuandikia jina kwenye madaftari tangu darasa la kwanza. Sitaki uujue hivyo, ukiwa ugenini peke yako, na bahasha mkononi. Afadhali unichukie kwa maneno yangu mwenyewe.

Unakumbuka nilikuwa mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Wewe ulikuwa kidato cha pili, huko Rau, ukija likizo tu. Nilipita kwenye zile nafasi za wanawake, na usidhani nilibebwa, nilipigiwa kura nyingi kuliko wanaume watatu uliowazoea kuwaona kwenye kilabu cha mbege wakieleza jinsi nchi inavyopaswa kuendeshwa. Walinipeleka kamati ya huduma za jamii: shule, maji, afya. Na huko nilikuwa na jambo langu moja, nalo ni zahanati.

Wewe mwenyewe ulikaribia kuzaliwa barabarani. Hilo nilishakusimulia kwa kicheko, lile gari la kubeba ndizi, na baba yako akimwomba dereva aende polepole na papo hapo akimwomba aende haraka. Sikukusimulia kwamba mwanamke wa kitongoji cha juu, aliyebebwa kwa machela mwezi uliofuata, hakufika. Kwa hiyo nilipoingia kwenye ile halmashauri niliapa kwamba sitatoka bila zahanati. Nilikuwa na haki ya kuitaka. Mpaka leo nasema nilikuwa na haki, na hapo ndipo ubaya ulipoingilia, maana mtu mwenye haki hajichungi.

Eneo lililofaa lilikuwa moja tu, tambarare, karibu na barabara: sehemu ya chini ya kihamba, shamba la ukoo la Mzee Elisaria, mume wa Mama Anaeli, pale kwenye migomba karibu na mfongo, ule mfereji wa maji. Mzee alikuwa tayari nusu nusu. Mkewe alikataa. Alisema, "Mimi ndiye ninayelima pale, yeye anakaa tu." Na ni kweli, ndiye aliyekuwa akilima. Tukawa tunamsubiri mzee amlainishe, na mzee akaugua, akafa.

Sasa sikiliza vizuri jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu wiki ijayo utakuwa umekaa kwenye kiti kile kile cha mtendaji.

Vitabu vyako vinakuonyesha kwa mchoro. Kitongoji chini, kijiji juu yake, kisha kata, kisha wilaya. Kwa kweli ni hivyo. Wenyekiti wa vitongoji na sisi wajumbe tunakaa kwenye Halmashauri ya Kijiji, tunajadili, tunapendekeza. Lakini jambo zito kama ardhi hatulimalizi sisi, linakwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni kila mtu mzima, bibi yako na yule mlevi wa njia panda wote wana kura sawa. Mkutano ukikubali, mtendaji anaandika muhtasari, anaambatanisha mahudhurio, anagonga mhuri. Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakokaa diwani. Kutoka hapo unapanda wilayani, kwa wataalamu, kwenye kamati ya madiwani inayoshughulika na afya, mwisho baraza la madiwani lenyewe. Mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa na watu. Mtendaji ameletwa na mkurugenzi. Mmoja anaangalia chini na mwingine anaangalia juu, na wanatumia meza moja.

Mtendaji wetu wakati ule alikuwa kijana wa watu kutoka mkoa wa mbali, amepanga chumba kimoja kule sokoni, hana hata baiskeli. Alikuwa akila kwetu Jumapili. Hakuwa mwizi, wala mvivu. Haika, alikuwa kama wewe.

Akaitisha mkutano mkuu. Wakaja wazee saba na mbwa mmoja. Akaitisha tena, ikawa siku ya soko la Mwika, hata hao saba hawakutimia. Mara ya tatu mvua. Na wilayani wanampigia simu: muhtasari uko wapi, vijiji vingine vimeshaleta, ikifika Ijumaa bila muhtasari zahanati inakwenda kwingine. Akaja hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti hiki nilichokalia, akaniambia, "Mama Haika, watu wa huku hawapendi mikutano."

Nikamjibu kwa mzaha tu, "Watu wa huku wanapenda msiba. Ukitaka akidi, nenda msibani."

Mae, mdomo huu.

Jumatano ile tulimzika Mzee Elisaria. Unajua kwetu mtu akizikwa nani anabaki nyumbani? Hakuna. Migomba yote ilijaa watu. Na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi chetu cha wamama cha kuzikana, nina daftari, naandika kila aliyefika, kwa sababu asiyefika anaulizwa. Baada ya mazishi, kwenye matangazo, mwinjilisti alipomaliza salamu za usharika, mwenyekiti wa kijiji akasimama. Akatoa pole. Kisha akasema, "Na kwa kuwa leo tupo wengi, lile jambo letu la zahanati katika eneo la marehemu, ambalo mwenyewe alilipenda, tunaliendeleza. Au sivyo, ndugu zangu?" Watu wakaitikia. Wengine walisema ndiyo, na wengine, nakuapia, walisema amina. Ndugu wa marehemu walikuwa wanagawa chakula. Mama Anaeli alikuwa ndani, amelazwa kwenye mkeka, wanawake wanampepea.

Huo ndio ulikuwa mkutano mkuu wa kijiji.

Kesho yake mtendaji akaja na karatasi za mahudhurio zilizopigwa mistari. Hakuniamuru. Aliniuliza tu, "Lile daftari lako lina majina mangapi?" Nikamwambia zaidi ya mia mbili. Akazisogeza karatasi mbele yangu, nikamwambia lete kalamu. Nilikaa asubuhi nzima nikihamisha majina ya waombolezaji kuwa majina ya wajumbe wa mkutano. Kwenye nafasi ya saini tuliweka alama ya vema, tukaandika kwamba wengi walikuwa wametoka shamba na mikono ilikuwa na matope. Uongo ukishaanza unapata hata mapambo.

Kwenye daftari la msiba, namba moja huwa ni mfiwa. Kwa hiyo jina la kwanza nililopaswa kuhamisha lilikuwa la Mama Anaeli.

Nataka hapa uelewe, kwa sababu ningeweza kukudanganya kwamba nilinakili tu bila kufikiri. Nilifikiri. Niliinua kalamu. Nikasema moyoni, huyu nimruke. Halafu nikaona: nikimruka, wilayani watauliza mbona mwenye eneo hayumo. Akiwemo, na akiwa namba moja, hakuna atakayeuliza. Nikaliandika jina lake, kwa mwandiko mzuri kuliko mengine.

Na kweli hawakuuliza. Kwenye kata diwani alisema, "Akidi ipo?" Akaambiwa ipo, akafunua karatasi, akaona majina mengi, akafurahi. Wilayani wakaona mhuri wa kata. Kamati ikaona kwamba wataalamu wamepitia, na baraza likaona kwamba kamati imepitia, wakapiga meza. Nilikuwepo siku hiyo, tulialikwa, tulikaa nyuma. Madiwani wamevaa majoho yao, kila mtu anasoma ukurasa anaoambiwa asome. Nilingoja mmoja aseme, hebu tumwite huyu namba moja. Hakuna. Maji ya mfongo yanashuka na karatasi inapanda, lakini ni mambo yale yale, aliye mwanzoni akichafua, wote wanakunywa na kusema maji ni ya wilaya. Wewe sasa ndiye unakwenda kukaa mwanzoni.

Nilifurahi siku ile. Hilo nalo nakuambia. Nilirudi nyumbani nikipiga vigelegele kwenye gari.

Walipokuja kupima na kupigilia vigingi, Mama Anaeli alikuwa bado amevaa nguo za msiba. Alisimama kwenye migomba yake akawauliza, "Mmemuuliza nani?" Wale vijana wa vipimo wakamwonyesha karatasi. Hajui kusoma sana, ila jina lake analijua. Aliliona.

Akaenda kwenye Baraza la Kata. Wale, kama unavyojua, hawahukumu siku hizi, kazi yao ni kupatanisha, wakishindwa wanaandika kwamba wameshindwa. Wakaniita kama shahidi kwa kuwa mwandiko ni wangu. Mwenyekiti wa baraza, mzee mpole wa watu, akaniuliza, "Mama Haika, huu ni mwandiko wako?" Nikasema ndiyo. "Na huyu mama siku hiyo alikuwepo?"

Nikasema, "Alikuwepo."

Mama Anaeli akanigeukia. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Nilikuwepo wapi, mama?"

Nilimwangalia mwenyekiti, kana kwamba swali ni lake. Mwenyekiti akaona aibu kwa niaba yangu, akageuza ukurasa. Mpaka leo nikiwa nakamua ng'ombe, nikiwa kanisani, hata nikiwa nacheka na watu, sauti ile inapita. Kama angenitukana ningekuwa nimeshasahau.

Alikwenda kwenye baraza la ardhi kule Moshi mjini mara mbili. Aliambiwa alete vielelezo, na vielelezo vyote vilikuwa vinasema alikubali. Akaacha. Zahanati ikajengwa. Watoto wamezaliwa pale, na wengine ni wajukuu zake. Yeye mwenyewe alipoanguka na presha mwaka juzi alipelekwa pale pale, kwenye iliyokuwa migomba yake, na walimwokoa. Nilifikiri basi, Mungu amefunga hesabu. Nilimwambia baba yako hivyo, maana yeye nilimweleza tangu mwanzo. Alinisikiliza, akasema, "Mungu hakuandika yale majina," akatoka nje. Ukitaka kujua kwa nini sikugombea kipindi cha pili, wala si kwa sababu ya mgongo kama nilivyokwambia.

Lakini lile alilosema leo sikuwa nalijua. Miaka yote hii nilidhani ananijua mimi ni mwongo na amenivumilia kwa ujirani. Nilijizoesha hivyo. Ananisalimu, ananiletea maziwa ya mgando, nikawa najiambia, anajua na amesamehe kimya kimya. Kumbe hajui, Haika. Ameyarudia yale maneno yangu mpaka ameanza kuyaamini. Anadhani pengine kweli aliulizwa, akakubali, akasahau. Mama yule amekaa miaka yote hii akijishuku akili yake, na mimi namwazima sukari. Shamba nilijua nilimnyang'anya. Sikujua kwamba nilimnyang'anya na kumbukumbu yake ya siku aliyomzika mumewe.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, imenipeleka hadi nyuma ya mlango wa jikoni kwangu mwenyewe, nimeshika ndoo.

Basi nikuambie nini wewe unayeondoka? Sitakuambia usiseme uongo, ulishaambiwa hayo kipaimara. Nitakuambia nilichokiona. Utakapofika, utaitisha mkutano na hawatakuja. Simu italia. Na utakuwa na jambo zuri mkononi, darasa au kisima, jambo ambalo wewe mwenyewe ungelipigania. Hapo ndipo uogope. Jambo baya lina watu wa kulizuia, lakini zuri wote watakusaidia kulipitisha, na atatokea mama mmoja mwenye daftari na nia njema, atakukaribisha chakula cha Jumapili, na atakwambia kwa mzaha pa kupata majina. Mwogope huyo mama. Mheshimu, kula chakula chake, kisha toka ukaitishe mkutano mara ya nne.

Na kabla hujagonga mhuri, nenda kwa yule ambaye karatasi inamgusa kuliko wote, nyumbani kwake, kwa miguu. Usimtume mwenyekiti wa kitongoji. Kaa, mwulize kwa mdomo wako, umsikie akikataa. Ukilazimika kuipeleka juu hata hivyo, ipeleke ikiwa imeandikwa kwamba amekataa. Huenda kijiji kikakosa zahanati. Hilo nalo litakuuma, na sina dawa yake. Nimelala na swali hilo miaka yote hii: yule aliyekufa kwenye machela, na huyu aliyeandikwa akiwa kwenye mkeka. Siwezi kukwambia nimepata jibu. Ninachojua ni kwamba hatukumpa nafasi ya kukubali. Nani ajuaye, baada ya arobaini, akiwa ametulia, nikienda peke yangu kama mwanamke kwa mwanamke, nikamweleza habari za yule wa machela, pengine angesema chukueni. Ni mtu wa huruma. Tuliogopa tu kungoja.

Sasa ahadi yako kwake. Nimejiuliza kama nikuombe usiiandike ile barua. Nakuambia ukweli, kwa dakika kadhaa nilitaka kukuomba, na nilikuwa nimeshapata hata maneno, kwamba ni kazi mpya, usianze kwa kuwasumbua wakubwa. Unaona jinsi ninavyoyapata haraka. Iandike. Omba muhtasari pamoja na mahudhurio yake yote. Na uambatanishe maelezo ya mtu aliyeandika mahudhurio hayo, jina langu kamili, nitakutumia yakiwa na saini yangu na shahidi. Mkurugenzi ataamua anavyoamua. Kama wataona nafaa kuitwa, nitakwenda. Wewe usinitetee. Mtendaji asiyeweza kuandika jina la mama yake kwenye karatasi ya kweli, huyo hafai kupewa mhuri.

Lakini Mama Anaeli hawezi kungoja majibu ya halmashauri, wewe unajua yanavyochukua muda. Kwa hiyo kesho asubuhi sitakusindikiza stendi. Baba yako atakupeleka. Utaniona nimekukumbatia hapa uani haraka haraka, na utadhani nina hasira au naficha machozi. Naenda kwake. Nikikusindikiza kwanza, nitarudi nimechoka, nitasema kesho kutwa, na mimi najijua, kesho kutwa yangu ina miaka mingi.

Bibi yako angejua angeniambia nichume isale. Unajua desturi yetu, mkosaji akija na lile jani mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kumfukuza, lazima apokee na asamehe. Nimelitazama pale mpakani leo jioni, limesimama, la kijani kabisa. Sitalichuma. Nilishampitisha mara moja kwenye jambo ambalo hakuulizwa kama anakubali.

Nitakwenda mikono mitupu. Nitamwambia: hukukubali, mama, hukuulizwa, akili yako ni nzima, ni mimi niliyekuandika. Kisha nitasimama pale mlangoni, aamue mwenyewe.

Mama yako